Betri 3 za tochi na taa moja: Jinsi ya kuanza kujifunza elektroniki ukiwa nyumbani

Kama ulisoma Fizikia sekondari, basi V = IR unaikumbuka, hata kama mengine yote yameshafutika kichwani. Wengi tuliikariri, tukaiandika kwenye mtihani, maisha yakaendelea. Waliowahi kuishika kwa mikono yao ni wachache.

Habari njema ni kwamba huhitaji maabara ili kuishika. Betri tatu za tochi, taa ndogo ya LED na kijiti chenye mistari ya rangi kinachoitwa rezista vinatosha kuanzia. Jioni moja inatosha kuwasha taa ya kwanza. Ukiendelea kidogokidogo, utatengeneza taa inayojiwasha yenyewe giza likiingia.

Na huu si mchezo wa kupoteza muda tu. Hesabu inayozuia taa yako isiungue mezani ndiyo hiyohiyo inayoeleza kwa nini ekstensheni inapata moto, na kwa nini umeme wa ukutani unaua. Ukishaielewa kwenye betri, unajua nini uguse na nini usiguse kabisa.

Unahitaji nini?

Orodha ni fupi, na karibu vyote vinapatikana kwenye maduka ya spea za elektroniki, kwa mfano Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi:

- Betri 3 za volti 1.5 na kikasha cha kuzishikia
- LED nyekundu chache (nunua za ziada, moja au mbili zitaungua)
- Rezista za omu 330 na za omu 47,000
- Transista moja aina ya BC547
- Rezista ya mwanga, mafundi wengi huiita LDR
- Bredibodi, yaani ubao wa plastiki wenye matundu, unaounganisha vitu bila kulehemu
- Vipande vya waya mwembamba
- Mita ya fundi, hata ile ya bei ya chini kabisa

Pasi ya kulehemu na risasi yake si lazima kwa sasa. Hiyo ni hatua ya baadaye.

Kwanza, saketi ni kitu gani?

Saketi ni njia ya mzunguko. Umeme unatoka upande mmoja wa betri, unapita kwenye kifaa, unarudi upande wa pili. Njia ikikatika sehemu yoyote, kila kitu kinasimama. Swichi haifanyi zaidi ya hapo: inakata njia, halafu inaiunganisha tena.

Mambo matatu ya kushika ni haya. Volti ni msukumo. Ampia ni kiasi cha umeme unaopita, yaani mkondo. Omu ni ukinzani, yaani jinsi njia inavyoubana mkondo huo.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Tangi likiwa juu zaidi, msukumo unakuwa mkubwa. Bomba likiwa jembamba, maji yanapita kidogo. Mwalimu Mjerumani Georg Ohm ndiye aliyeuweka uhusiano huo kwenye hesabu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1827: mkondo ni volti ugawanye kwa omu. Basi, V = IR ni hiyo tu.

Taa ya kwanza: piga hesabu kabla ya kuunganisha

Betri tatu zikipangwa kwa mfululizo zinatoa volti 4.5. LED nyekundu inataka volti 2 hivi ili iwake. Zinabaki volti 2.5. Zinakwenda wapi?

Hapo ndipo wengi wanaoanza wanapounguza taa. LED haiko kama balbu ya zamani ya uzi. Ukishavuka volti inazozihitaji, haijibani yenyewe, bali inaruhusu mkondo upande kwa kasi. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye volti 4.5, itang'aa sana kwa muda mfupi, halafu kwaheri.

Rezista ndiyo inayobeba zile volti 2.5 zilizobaki. Tuseme unataka mkondo wa miliampia 10, ambazo ni ampia 0.01. Gawanya 2.5 kwa 0.01, unapata omu 250. Dukani huwezi kupata kila namba, kwa hiyo chukua iliyo juu yake. Ya omu 330 inapatikana kirahisi, na itakupa miliampia 7.6 hivi. Taa itawaka vizuri tu.

Utaitambuaje rezista ya omu 330? Soma mistari yake: chungwa, chungwa, kahawia. Mstari wa dhahabu pembeni maana yake ni kwamba namba halisi inaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 5. Rangi zikikuchanganya, pima kwa mita.

Sasa unganisha:

1. Toka upande chanya wa betri, nenda kwenye rezista.
2. Toka kwenye rezista, nenda kwenye mguu mrefu wa LED. Huo ndio upande chanya.
3. Toka kwenye mguu mfupi wa LED, rudi upande hasi wa betri.

Ukigeuza LED haitawaka, kwa sababu inaruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Kwenye saketi hii haitaharibika, wewe igeuze tu.

Swali ambalo wengi huuliza: mbona tochi ndogo za kwenye funguo zina taa na betri tu, bila rezista? Ni kweli nyingi ziko hivyo. Betri yake ya kidonge ni ndogo kiasi kwamba yenyewe haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Ukinzani uko ndani ya betri. Weka taa hiyohiyo kwenye betri yenye nguvu uone.

Usiamini tu, pima

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Weka mita kwenye volti za DC. Taa ikiwa inawaka, gusa ncha mbili za LED. Utaona namba karibu na 2. Gusa ncha mbili za rezista. Utaona karibu na 2.5. Jumlisha, kisha pima betri yenyewe. Namba zitakubaliana.

Hiyo nayo ni kanuni yenye jina. Gustav Kirchhoff, Mjerumani mwingine, aliieleza mwaka 1845: volti zote zinazotolewa na betri lazima zitumike zote njiani. Hakuna inayopotea, hakuna inayobaki.

Angalizo moja. Usiweke mita kwenye kipimo cha ampia halafu ukagusa ncha mbili za betri. Kwenye ampia, mita haina ukinzani wa maana, kwa hiyo unakuwa umepiga shoti. Fyuzi ya mita itakatika, au mita yenyewe iharibike.

Taa mbili, na somo la ekstensheni

Ongeza LED nyekundu ya pili, ifuate ya kwanza kwenye njia ileile. Huo ndio mfululizo. Taa mbili zinahitaji volti 4, kwa hiyo rezista inabaki na 0.5 tu. Mkondo unashuka hadi miliampia 1.5 hivi, na taa zinafifia. Weka ya tatu, hazitawaka, maana volti 6 betri hizi hazina.

Sasa zipange kwa njia nyingine: kila LED na rezista yake, kila moja ikianzia upande chanya na kuishia upande hasi. Huo ni usambamba. Zote zinawaka vizuri. Ukichomoa moja, nyingine haijali.

Nyumba zetu zimefungwa nyaya kwa usambamba. Ndiyo maana balbu ya chumbani ikiungua, ya sebuleni inaendelea kuwaka. Lakini kuna gharama yake. Kila kifaa kinachoongezwa kinavuta mkondo wake, na mikondo yote hiyo inakutana kwenye waya mmoja.

Chukua ekstensheni moja yenye birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200. Jumla ni wati 3,200. Gawanya kwa volti 230 za ukutani, unapata karibu ampia 14. Plagi yenye fyuzi ya ampia 13 imeshazidiwa. Waya mwembamba unapata joto, plastiki inalainika, na moto unaweza kuanzia hapo wakati wewe uko chumba cha pili.

Ukiwa umeshaona mikondo ikijumlishana kwa LED mbili mezani, hutahitaji mtu wa kukukumbusha kuchomoa pasi.

Taa inayojiwasha usiku

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Rezista ya mwanga inabadilika kulingana na mwanga unaoipiga. Mchana ukinzani wake unashuka hadi omu elfu chache au chini ya hapo. Gizani unapanda hadi mamia ya maelfu.

Transista nayo ni kama koki ya bomba. Ina miguu mitatu. Mkondo mdogo sana ukiingia kwenye mguu wa udhibiti, unaoitwa besi, koki inafunguka na mkondo mkubwa zaidi unapita kati ya miguu mingine miwili. Transista ya kwanza ilionyeshwa kwenye maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947. Leo simu uliyoshika ina mabilioni yake.

BC547 ukiigeuza uso wake bapa ukutazame, miguu ikiwa chini, kushoto ni kolekta, katikati besi, kulia emita. Transista nyingine hupangwa tofauti, kwa hiyo soma namba yake kwanza.

Unganisha hivi:

1. Upande chanya kwenda rezista ya omu 330, kisha LED, kisha kolekta.
2. Emita kwenda upande hasi.
3. Upande chanya kwenda rezista ya omu 47,000 (njano, zambarau, chungwa), kisha besi.
4. Rezista ya mwanga, mguu mmoja kwenye besi, mwingine upande hasi.

Kukiwa na mwanga, rezista ya mwanga inafungua njia nyepesi kuelekea upande hasi. Umeme unapita huko, na volti za pale kwenye besi zinabaki chini ya 0.6. Transista inahitaji karibu volti 0.6 hadi 0.7 ili ifunguke, kwa hiyo inabaki imefungwa. Taa haiwaki.

Funika rezista ya mwanga kwa kidole. Njia ile nyepesi inaziba, umeme unalazimika kuingia kwenye besi, na taa inawaka.

Tazama namba zake. Mkondo unaoingia kwenye besi ni kama miliampia 0.08. Unaowasha taa ni zaidi ya miliampia 7. Kidogo kinatawala kikubwa, karibu mara 90. Redio, amplifaya na kompyuta vyote vinategemea wazo hilo.

Taa za sola za uani nazo hujiwasha kwa wazo hilohilo, ingawa nyingi hutumia paneli yenyewe kama jicho la kuona giza.

Kidokezo kimoja: usiiache LED imulike rezista ya mwanga. Taa itajidanganya kwamba kumekucha, ififie au ianze kuchezacheza.

Haiwaki? Tulia, fuata mstari

Saketi ya kwanza ikigoma, usivunje kila kitu. Fundi mzuri hakisii, anafuata njia kutoka mwanzo:

- Betri: Pima zote tatu kwa pamoja. Je, unapata karibu volti 4.5?
- Mwelekeo: Mguu mrefu wa LED uko upande chanya? Transista haijageuzwa?
- Matundu: Kwenye bredibodi, matundu matano ya mstari mmoja mfupi yameungana. Mfereji wa katikati unatenganisha pande mbili. Ukichomeka miguu yote miwili ya rezista kwenye mstari mmoja, umeiruka.
- Waya: Sukuma kila waya kidogo. Mgusano mlegevu ndio unaosumbua mara nyingi.
- Volti: Weka ncha moja ya mita upande hasi, nyingine isogeze hatua kwa hatua kwenye njia. Pale volti zinapotoweka ghafla bila sababu, tatizo liko hapo.

Ni utaratibu uleule anaoutumia fundi redio. Ukiuzoea, ukipeleka kifaa chako kutengenezwa utaweza kuuliza swali la maana: umepima wapi, umepata volti ngapi? Ni vigumu kukubambikia spea usiyoihitaji.

Vifaa vya bure, na vile vya kuogopa

Redio mbovu inayotumia betri, rimoti ya zamani au mdoli wa mtoto uliokufa ni hazina. Ndani utapata rezista, LED, swichi na spika. William Kamkwamba wa Malawi, aliyejulikana duniani kwa kutengeneza kinu cha upepo akiwa na miaka 14, alianza kwa kufungua redio mbovu na binamu yake ili waone zinafanyaje kazi. Shule alikuwa ameiacha kwa kukosa ada.

Lakini si kila kilichokufa ni cha kufungua:

- Chaja, televisheni na pawa saplai za kompyuta: Ndani kuna kapasita inayohifadhi umeme. Volti 230 zikishageuzwa kuwa DC zinaweza kufika 325 hivi, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya.
- Maikrowevu: Kapasita yake hubeba maelfu ya volti. Imeshaua hata mafundi. Usiifungue.
- Betri za simu: Za lithiamu zikitobolewa, zikikunjwa au zikipigwa shoti zinaweza kulipuka moto. Iliyovimba usiichezee hata kidogo.
- Betri ya gari au pikipiki: Volti 12 hazikurushi, lakini mkondo wake ni mkubwa mno. Spana au pete ikigusa ncha zote mbili kwa pamoja, inaiva mkononi.

Kwa nini umeme wa ukutani hapana

Rudi kwenye hesabu yetu, safari hii wewe ndiye rezista.

Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu. Betri za volti 4.5 haziwezi kupitisha mkondo wa maana mwilini mwako. Ndiyo maana unazishika bila kusikia kitu.

Ngozi ikilowa kwa jasho au maji, ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000. Unapata ampia 0.23, yaani miliampia 230. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, vile vinavyofungwa kulinda watu majumbani, kwa kawaida hupangwa vikate kwenye miliampia 30, kwa sababu kuanzia hapo moyo uko hatarini. Hiyo 230 ni zaidi ya mara saba.

Kwa hiyo anayeanza abaki kwenye betri. Hata chaja ya simu itumie ikiwa nzima na imefungwa, usiifungue ndani. Kazi za nyaya za nyumba ni za fundi aliyesomea na kusajiliwa.

Kama mtoto ndiye anayejifunza, sheria iwe moja na iwe rahisi: kinachochomekwa ukutani hakifunguliwi.

Baada ya hapo, uende wapi?

Kama hujapata vifaa, jaribu kwanza kwenye simu. Kuna programu za bure za kuigiza saketi kwenye kivinjari, kama Tinkercad na Falstad. Unachora saketi, unaona mkondo ukitembea, na LED ikiungua huko hulipi kitu.

Ukishamaliza taa ya usiku, hatua nzuri inayofuata ni taa ya kumetameta kwa kutumia chipu ya 555. Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971, ina miguu minane, na mpaka leo bado inatengenezwa na kuuzwa. Kwa hiyo ongeza betri moja ziwe nne, upate volti 6. Kapasita moja na rezista mbili ndizo zitakazoamua taa imete haraka au polepole, na utajifunza jinsi saketi inavyohesabu muda.

Ukiona umenogewa na unataka iwe kazi, vyuo vya VETA nchini Tanzania vina kozi za umeme na elektroniki. Na kama una mdogo wako au mtoto anayesoma sekondari, mada za umeme na elektroniki zimo kwenye Fizikia yake. Mkae mezani pamoja.

Nunua na daftari dogo. Kila saketi unayoijenga, andika namba ulizotarajia upande mmoja na namba ulizopima upande wa pili. Zikitofautiana sana, usilale kabla hujajua kwa nini.